Esanse, mazutu na petroli: kuko nini ndani ya chupa, na inaingia namna gani mwilini

Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Uvira, si lazima mtu aende stasio ili apate mafuta. Karibu kwenye kila njia panda kuko meza ndogo yenye chupa zilizojaa, bidoni chini ya meza, faneli ya plastiki na kitambaa. Mwenye kuuza anaitwa Kadhafi. Motari anasimama, anatosha franga zake, lita moja inamwangwa ndani ya tanki, na kazi inaendelea.

Bila biashara hiyo, mji hautembei. Familia nyingi zinakula na kusomesha watoto juu ya chupa hizo. Lakini watu wengi wanaoshika mafuta kila siku hawajaelezwa kuko nini ndani. Wanajua kwamba esanse inawaka. Kwamba inaingia pia kwa pumzi na kwa ngozi, kwamba ina vitu vinavyogusa damu na ubongo, na kwamba maziwa si dawa ya mtoto aliyekunywa petroli, hayo hayasemwi sana. Makala hii inaeleza mambo hayo moja kwa moja.

Mafuta moja, majina mengi

Esanse, mazutu, petroli ya taa, mafuta ya moteri, gazi ya kupikia na hata kaburimbo ya barabara, vyote vina mama mmoja: mafuta machafu yanayochimbwa chini ya udongo ao chini ya bahari. Kongo pia inachimba mafuta hayo huko Muanda, kando ya bahari ya Atlantiki. Lakini yanauzwa inje yakiwa machafu. Esanse na mazutu zinazofika mashariki zimesafishwa katika inchi zingine, zinapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha zinapakizwa kwenye malori ya tanki hadi mipaka yetu.

Mafuta machafu ni mchanganyiko wa mamia ya vitu. Wingi wake ni haidrokaboni, maana yake vipande vidogo sana vilivyoundwa na kaboni na haidrojeni. Kuko vipande vifupi na vipande virefu. Vifupi ni vyepesi, vinageuka mvuke haraka. Virefu ni vizito na vinanata.

Kwenye kiwanda cha kusafisha, mafuta machafu yanachemshwa ndani ya mnara mrefu. Kila kitu kinapanda kulingana na uzito wake. Gazi inafika juu kabisa. Chini yake inatoka esanse, ambayo inachemka kuanzia joto la digri 30 hivi mpaka 200. Kisha petroli ya taa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya ndege kubwa. Kisha mazutu, inayochemka kati ya digri 200 na 350 hivi. Chini kabisa inabaki kaburimbo.

Tofauti hiyo ya uzito ndiyo inaeleza hatari za kila moja. Esanse inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya digri 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo hakuna siku, hakuna saa, hakuna fasi katika Kivu, Ituri ao Tanganyika ambapo chupa ya esanse iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Petroli ya taa nzuri inapashwa kufika joto la digri 38 mbele mvuke wake uwake. Mazutu inahitaji zaidi ya digri 50. Ndiyo maana kiberiti kinaweza kuzimika ndani ya mazutu baridi, lakini esanse inaruka kwa cheche moja.

Viongezi: vitu vinavyotiwa juu ya mafuta

Mafuta yanayotoka mnarani hayauzwi hivyo. Kiwanda kinatia viongezi: vya kusaidia moteri isigonge, vya kuzuia kutu, vya kusafisha njia za mafuta, na wakati mwingine rangi ya kutofautisha aina moja na ingine.

Kiongezi kilichojulikana zaidi katika historia ni risasi, ile madini nzito ambayo Wafaransa wanaita plomb. Katika mwaka wa 1921, Thomas Midgley, fundi wa kampuni ya General Motors huko Marekani, alitambua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wenye risasi kinafanya moteri isigonge tena. Hatari yake ilionekana haraka. Mwaka wa 1924, kwenye kiwanda cha Bayway katika jimbo la New Jersey, wafanyakazi 5 walikufa kisha kuvuta mvuke wa kiongezi hicho. Wengine walichanganyikiwa akili. Hata hivyo dunia iliendelea kuitumia kwa miaka mingi.

Risasi haiozi wala haiishi. Ikitoka kwa moshi, inashuka kwenye vumbi la barabara, inaingia kwa mikono ya watoto, kisha kwa kinywa. Ndani ya mwili inajificha kwenye mifupa na kugusa ubongo. Mtoto aliyeingiwa na risasi anaweza kupungukiwa na nguvu ya kujifunza, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Hakuna kiasi cha risasi ambacho wataalamu wa afya wanasema ni kizuri kwa mtoto.

Mwezi wa Juni 2001, inchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuacha esanse ya risasi. Kufikia Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imefanyika. Aljeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani, katika mwezi wa Julai 2021. Kwa hiyo esanse ya gari na ya moto haipashwi tena kuwa na risasi. Lakini kuko kitu kimoja cha kujua hapa kwetu, fasi ambapo ndege ndogo zinaruka kila siku: esanse ya ndege ndogo za moteri ya pistoni ingali na risasi. Mara nyingi ni ya rangi ya buluu. Haipashwi kununuliwa kwa njia ya nyuma na kutiwa kwenye moto, na haipashwi kabisa kunawia mikono.

Risasi ilipotoka, viwanda vilipashwa kutafuta njia zingine za kufanya moteri isigonge. Vingine vinatia alkoli. Vingine vinatia kitu kinachoitwa MTBE, chenye harufu kali, ambacho kikimwangika kwenye udongo kinafika haraka kwenye maji ya chini. Vingine vinatia mchanganyiko wenye madini ya manganezi. Na vingine vinaongeza sehemu ya benzeni na ndugu zake ndani ya esanse yenyewe.

Benzeni na salfa: majina mawili ya kukumbuka

Benzeni ni maji mepesi yasiyo na rangi, yenye harufu tamutamu. Ndiyo sehemu ya ile harufu ya esanse ambayo watu wengine wanaipenda. Iko kwa asili ndani ya mafuta machafu, na usafishaji unaweza kuizidisha. Wataalamu wa shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, lenye makao katika muji wa Lyon huko Ufaransa, wanaiweka kwenye kundi la 1, maana yake vitu ambavyo vimehakikishwa kuleta kansa kwa binadamu. Inagusa uboho, yaani ile sehemu laini ndani ya mifupa ambapo damu inatengenezwa. Mtu anaweza kuishiwa damu, ao kwa miaka mingi kupata kansa ya damu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umekataza esanse yenye benzeni zaidi ya sehemu 1 kwa 100. Katika mwaka wa 2025 shirika hilo la Lyon liliiweka esanse yenyewe, nzima jinsi ilivyo, kwenye kundi hilo la 1.

Benzeni haiko peke yake. Esanse iko pia na toluwini na zailini, ambazo zinalewesha na kuumiza kichwa, na heksani, ambayo kwa mtu anayeivuta miaka na miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Fundi anaanza kusikia ganzi kwenye vidole na anafikiri ni baridi ya asubuhi.

Jina la pili ni salfa. Biblia inaiita kiberiti, kwenye habari za Sodoma na Gomora. Iko kwa asili ndani ya mafuta, sana sana ndani ya mazutu. Ikiungua inatoa moshi unaochoma koo na mapafu, na unamsumbua zaidi mtu wa pumu. Kadiri salfa inavyokuwa nyingi, ndivyo masizi madogo yanavyozidi. Huko Ulaya, mazutu ya gari hairuhusiwi kupita sehemu 10 za salfa kwa milioni. Inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipanga sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka wa 2022, na mafuta ya mashariki yanapita katika inchi hizo, kwa hiyo kipimo hicho kinatuhusu.

Viongezi vya barabarani

Kiwanda kinatia viongezi kwa vipimo. Barabara inatia vyake bila kipimo. Mafuta yanapita mikono mingi mbele ya kufika kwenye meza ya Kadhafi, na kila mkono una nafasi ya kuongeza kitu: petroli ndani ya mazutu, mazutu kidogo ndani ya esanse, ao maji.

Sababu kubwa ni bei. Fasi ambapo petroli ya taa inauzwa bei ya chini kuliko mazutu, watu wanapata faida kwa kuichanganya. Shida hiyo inajulikana pia kwa majirani. Katika mwaka wa 2018, serikali ya Kenya iliongeza kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya petroli ya taa ili kuvunja biashara ya kuichanganya.

Kwa moteri, mchanganyiko ni hasara. Kwa nyumba, unaweza kuwa kifo. Petroli ya taa ikitiwa esanse hata kidogo, kile kipimo cha digri 38 kinaanguka chini ya joto la kawaida la chumba. Kwa jicho, chupa ni ileile. Lakini sasa tanki ya taa ao ya jiko inajaa mvuke wa kuwaka, na mama akiwasha, taa inalipuka mkononi mwake. Inatosha hata bidoni moja iliyobeba esanse jana na kutiwa petroli leo bila kukaushwa.

Milango mitatu ya mwili

Mafuta yanaingia mwilini kwa milango mitatu: pumzi, ngozi na kinywa.

Pumzi ndiyo mlango mkubwa. Mwenye kuuza esanse saa kumi kwa siku anavuta mvuke wake saa kumi. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha. Zikiisha akienda kupumzika nyumbani na kurudi akianza kazi, ni mafuta yanayozileta. Mtu anayelala ndani ya chumba fasi bidoni zimewekwa anaendelea kuvuta usiku kucha, yeye na watoto.

Kuko pia watoto wa barabarani wanaonusa esanse ndani ya chupa ili kusahau njaa na baridi. Kwao hatari si ya miaka ijayo tu. Mvuke mwingi unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumuua mtoto papo hapo, hata kama amenusa mara nyingi mbele bila shida. Mwenye kuokoka anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Kadhafi anayemnyima mtoto chupa hiyo anamlinda.

Mlango wa pili ni ngozi. Kwenye garaje nyingi, mekanisie ananawa mikono kwa esanse jioni. Inatosha grisi haraka, ni kweli. Lakini inatosha pia mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inakauka, inapasuka, na kwenye mipasuko hiyo benzeni inapita kirahisi zaidi. Nguo iliyolowa esanse na kuachwa mwilini inaunguza ngozi bila moto. Wazazi wengine wanapakaa petroli kwenye kichwa cha mtoto juu ya chawa, ao kwenye miguu juu ya funza. Inaunguza ngozi ya mtoto, mvuke unaingia mapafuni, na moto wa jiko ukiwa karibu, nywele zinashika.

Mlango wa tatu ni kinywa. Watu wengi wanafikiri sumu ya petroli iko tumboni. Kumbe hatari kubwa iko kwenye mapafu. Petroli na esanse ni nyepesi na zinateleza kuliko maji. Mtu anapokohoa ao kutapika, tone dogo linaingia kwenye njia ya pumzi na kutambaa mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kiasi kisichojaza kijiko kinaweza kuleta kichomi kikali. Hilo linampata mtoto aliyekunywa chupa akifikiri ni maji, na pia mwanaume anayevuta esanse kwa mpira na kinywa ili kuitosha ndani ya tanki.

Moto: mvuke unatembea kama maji

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori ya tanki ilipinduka huko Sange, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, katika bonde la Ruzizi. Esanse ilianza kumwangika. Watu walikuja na bidoni na sahani kuichota. Wengine walikuwa karibu, ndani ya nyumba walimokusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliposhika, ulipita juu ya watu na nyumba pamoja. Zaidi ya watu 230 walikufa.

Goma nayo inakumbuka Januari 2002. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji, na siku chache kisha, stasio moja ya mafuta ililipuka fasi watu walikuwa wanachota. Makumi ya watu walikufa.

Wengi waliokufa katika ajali hizo hawakuwa wameshika moto. Walikuwa wamesimama ndani ya mvuke. Mvuke wa esanse ni mzito mara tatu ao mara ine kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini, unafuata mteremko, unajaza mifereji, unaingia chini ya mlango. Jicho halioni kitu. Jiko la makala lililo mita nyingi kutoka pale linaweza kuuwasha, na moto unarudi nyuma mbio mpaka kwenye chanzo. Mtu aliye katikati hana nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo lori ya tanki ikianguka, swali si kama kuko mtu mwenye sigara. Kuko moteri yenye joto, betri iliyokatika nyaya, chuma inayogonga jiwe, mbabula ya mama wa mandazi. Lita ishirini za bure hazilingani na hatari hiyo. Fasi salama ni mbali, kwenye kilima kuliko bondeni, na upande ambao upepo unatokea.

Moto wa esanse hauzimwi kwa maji. Esanse inaelea juu ya maji, na maji yanaibeba ikiwaka mpaka kwa jirani. Mchanga, udongo mkavu ao kizima moto cha unga ndivyo vinasaidia.

Moshi: hatari isiyo na harufu

Mafuta yakiungua, hatari haiishi. Moshi wa moteri ya mazutu uliwekwa kwenye lile kundi la 1 la vitu vyenye kuleta kansa mwezi wa Juni 2012, sana sana juu ya kansa ya mapafu. Masizi yake ni madogo sana, yanapita puani na kooni bila kuzuiliwa.

Moteri ya esanse inatoa kitu kibaya zaidi kwa muda mfupi: monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko hewa safi tunayovuta, na damu haina tena nafasi ya kubeba uzima. Mtu anasikia kichwa kuuma na usingizi, analala, na haamki. Hilo linatokea wakati umeme umekatika na mwenye duka ao mwenye nyumba anawasha grupu ndani ya korido ao chumba cha nyuma, mlango umefungwa juu ya wezi na kelele. Dirisha moja lililofunguliwa halitoshi. Grupu inapashwa kukaa inje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, moshi ukielekea upande mwingine. Jiko la makala ndani ya chumba cha kulala linaua kwa njia ileile.

Mafuta ya vidanje

Kisha kilometa nyingi, mafuta ya moteri yanageuka meusi. Yale meusi si uchafu wa kawaida. Ni mabaki ya kuungua, yenye vitu vya kuleta kansa ya ngozi, pamoja na unga wa chuma uliokwanguka ndani ya moteri. Watu wanayapakaa kwenye mbao za nyumba ili mchwa usile, wanayamwanga kwenye njia ili vumbi lipungue, ao wanayaacha yatiririke kwenye mfereji.

Kwenye mbao za inje, yanaweza kugusa mikono ya watoto kila siku. Kwenye mfereji, mvua inayapeleka Kivu ao Tanganyika, maziwa ambayo watu wanachota maji na kuvua samaki. Huko Goma, mawe ya lava yana matundu mengi, na kinachomwangwa juu kinashuka chini bila kuonekana. Jambo rahisi ni garaje kuwa na pipa moja la vidanje lenye kifuniko, na kila mekanisie kujua kwamba mafuta yale hayawashi mbabula na hayatibu kidonda.

Mtoto amekunywa petroli: nini kifanyike

Hapa makosa yanatokea kwa upendo. Mzazi anaogopa, anakimbilia maziwa, mafuta ya mawese, maji ya chumvi ao kidole kooni ili mtoto atapike. Yote hayo yanaongeza hatari, kwa sababu mtoto akitapika, petroli inapita tena karibu na njia ya pumzi.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mawese wala dawa ya nyumbani. Mtoshe nguo zilizolowa, mbali na moto, na umuoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mkalishe wima. Akitapika mwenyewe, mgeuze kwa upande, kichwa kiiname. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya, hata kama anacheza na anaonekana muzima, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kusumbua kisha masaa. Chukua chupa ile umuonyeshe munganga ao muuguzi. Kukohoa, kupumua mbio, mbavu kuingia ndani, homa ao usingizi usio wa kawaida ni dalili mbaya.

Mtu akiungua kwa moto wa mafuta, mwangie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi. Usipakae dawa ya meno, grisi, asali wala yai. Mfunike kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali.

Mambo madogo yenye kusaidia

Hakuna anayeweza kumwambia Kadhafi aache kazi kesho. Lakini kuko mambo ambayo hayaombi franga nyingi.

Kwa mwenye kuuza: meza ikae kwenye upepo, mbali na mbabula, duka la kuchomelea chuma na mtu anayevuta sigara. Chupa zifungwe kila wakati. Mwenye kuuza akae upande ambao upepo unatokea. Ndoo ya mchanga iwe chini ya meza. Bidoni ijazwe ikiwa imewekwa chini, kwa sababu juu ya gari ao moto umeme mdogo unaweza kuzaa cheche. Mafuta yasilale ndani ya nyumba ambamo watu wanalala. Mama mwenye mimba na watoto wasikae kwenye meza.

Kwa motari: zima moteri mbele ya kumwanga, na abiria ashuke. Ukitaka kuangalia ndani ya tanki usiku, washa taa ya betri ungali mbali, usitumie kiberiti wala mshumaa.

Kwa mekanisie: tumia pampu ndogo ya mkono, si kinywa. Nawa kwa sabuni, na unga wa mbao ao mchanga laini unasaidia kutosha grisi. Badilisha nguo mbele ya kubeba mtoto jioni.

Kwa nyumba: petroli isikae ndani ya chupa ya maji ao ya jus. Chupa iwe na rangi tofauti, kifuniko kigumu, na iwekwe juu, fasi mtoto hafiki. Usimwange petroli juu ya makala ambayo tayari yana moto, hata kama yanaonekana yamezimika. Petroli yenye harufu kali ya esanse irudishwe kwa aliyeiuza, isiwashwe.

Na kuko sehemu isiyo ya raia. Kupima mafuta mpakani ni kazi ya serikali, kupitia ofisi ya Kongo ya kukagua bidhaa, OCC. Kadhafi hana mashini ya kupima benzeni wala salfa, na motari hawezi kuona kwa jicho kama chupa imechanganywa. Vyama vya wamotari, vya Kadhafi na vya mekanisie viko na haki ya kuuliza mafuta yanayoingia yamepimwa namna gani na matokeo yake ni nini. Swali hilo linapashwa kuulizwa kwenye mikutano ya kartie na mbele ya viongozi wa muji, kwa sababu anayevuta mvuke ule kila siku ndiye wa kwanza kupashwa kujibiwa.